Wa Zambarau kwa Kadi Nyeusi

Si feki. Nimesema si feki na nitarudia mpaka sauti inikauke. Kama haukuwa Isebania wakati ule, nyamaza kwanza, uliza, utaambiwa.

Pole rafiki yangu, sigombani na wewe. Nagombana na jamaa mmoja wa Nairobi kwenye grupu ya simu ya watu wanaokusanya vitu vya kuchezea vya zamani. Juzi niliweka picha ya mtu wa ubao wangu. Unawakumbuka? Wale wadogo kama kidole gumba, mtu amesimama juu ya skeitibodi, magurudumu manne na yote yanazunguka kweli. Wangu ni wa zambarau, lakini kadi yake ya nyuma ni nyeusi. Huyo jamaa akaandika mbele ya watu wote: "Zambarau ilikuja na kadi ya zambarau. Hii umejifungia kwako na nailoni ya njugu."

Nilitupa simu kitandani. Kwa sababu amesema ukweli nusu. Ilifungwa nyumbani, ndio. Ilifungwa na nailoni ya njugu, ndio. Na bado si feki. Kaa nikuelezee.

Mimi nililelewa na Waya, yaani shangazi yangu, dada ya baba. Alikuwa na kibanda pale Isebania karibu na foleni ya malori. Aliuza vitana, pini, viberiti, njugu, na hao watu wa ubao aliokuwa ananunua ng'ambo ya mpaka, Sirare, upande wa Tanzania. Walikuwa rangi sita, kila mmoja na kadi ya rangi yake, amefunikwa na plastiki ngumu iliyovimba kama tumbo. Hiyo tumbo ndio ilikuwa shida. Waya alibeba mzigo kwa kichwa, na akifika nyumbani plastiki zote zimepondeka. Kwa hivyo akaanza kuwatoa huko huko anakonunua. Watu wa ubao wanaingia kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, kadi zinalala kando zimefungwa na raba. Nyumbani wanafungwa upya.

Kazi ya kufunga ilikuwa yetu, mimi na Nyar Takawiri. Hivyo ndio tulimwita binamu yangu, binti wa Takawiri, kile kisiwa kidogo huko ziwani upande wa Homa Bay. Waya alimleta akiwa na miaka kumi na mbili, mimi kumi. Siku ya kwanza, akimpakulia ugali na omena, Waya alisema wazi: "Utakaa hapa, utasoma hapa, hii kazi ya watu wa ubao ikiwa iko. Ikiisha, nakurudisha kwa mama yako."

Mimi nilikuwa mtoto peke yangu kwa hiyo nyumba. Nilikuwa naongea na kuku. Sasa nimepata mtu wa kulala naye kitanda kimoja, halafu naambiwa anaweza kurudishwa kama sufuria ya kuazima? Nikaapa hiyo kazi haitaisha.

Tukitoka shule tulikuwa tunafunga mlango ili upepo usisumbue mshumaa. Unaingiza mtu kwa ile nailoni nyembamba ya njugu, unakunja mdomo wake, unaupitisha kwa moto haraka, inashikana. Halafu stepla mbili kwa kadi. Harufu ya nailoni ikiungua na harufu ya njugu zikikaangwa nje, mpaka leo nikizisikia pamoja nageuka kuangalia nyuma. Mstari wa Nyar Takawiri, pale nailoni iliposhikana, ulikuwa umenyooka. Wangu ulikuwa na matundu meusi kama umeumwa na panya. Na meza ilikuwa ile ile ya kufungia njugu, kwa hivyo kila mtu wa ubao kutoka kwetu alikuwa na chumvi. Watoto walikuwa wanamlamba kwanza kabla ya kumchezea. Huyo jamaa wa Nairobi atueleze hiyo chumvi.

Sasa siku moja mvua ilimpata Waya njiani, kadi nyekundu zote zikawa uji. Waya akasema, "Fungeni na kadi yoyote iliyobaki kwa mizigo ya nyuma. Mtoto ananunua mtu, hanunui karatasi."

Waya alikosea. Shule yetu ilinunua karatasi! Msichana mmoja alipata mwekundu kwa kadi ya bluu, na kufika saa nne, wakati wa uji, alikuwa ameahidiwa wengine watatu abadilishane, akakataa. Wiki hiyo mtu wa kadi yake mwenyewe akawa si kitu. Watoto walikuja kutoka Migori mjini kuangalia tu. Mwingine alituma mjomba wake kutoka Sori, kule ziwani, na huyo mjomba, mvuvi mzima, akasimama kibandani akisoma kutoka kwa kiganja: "Nimeambiwa kijani, lakini nyuma yake njano."

Hakuna aliyejua zinatoka wapi. Walidhani kiwandani. Na sisi wawili nyuma ya mlango tuliofunga tulikuwa ndio kiwanda. Tulikaa chini tukapanga. Bluu kwa kadi ya njano, wachache. Kijani kwa njano, wachache zaidi. Zambarau kwa nyeusi, mmoja tu, dunia nzima. Huyo alimfunga Nyar Takawiri mwenyewe, ulimi nje kama anashona.

Kila Jumamosi Waya alituacha tuchague mmoja mmoja, ndio asante yetu. Najua inakaa ujinga, kukusanya kitu umefunga na mkono wako. Lakini nilikuwa nahesabu siku mpaka Jumamosi. Wangu nilikuwa nawafungua kabla ya jioni, nawaachilia kwa sakafu ya simiti wagongane. Nyar Takawiri hakufungua hata mmoja. Aliwaning'iniza kwa kamba juu ya kitanda, na vibanio vya nguo. Alikuwa anasema, "Ukifungua unabaki na mtu. Ukiacha, unabaki na mtu na nyumba yake." Hayo ndio maneno marefu zaidi niliwahi kusikia kutoka kwake. Mengine yote nilikuwa naongea mimi.

Halafu Ijumaa moja wakati wa michezo akaja shuleni na wa zambarau, aliyekuwa amemchagua Jumamosi. Kulikuwa na kijana wa darasa la saba, mtoto wa dereva wa lori. Akamchukua, akamgeuza geuza.

"Baba yangu hupita Dar. Huko zambarau iko na kadi ya zambarau. Huyu wa kisiwa ameiba kadi kwa kibanda akabandika."

Wengine wakadakia. "Mwizi wa kadi! Mwizi wa kadi!" Nyar Takawiri akaangalia viatu vyake.

Mimi sikungoja. Nilimrukia nikiwa na kiatu mkononi. "Mwizi ni nyanya yako! Hakuna mtu ameiba! Sisi ndio tunazifunga, mimi na yeye, na mshumaa! Tukitaka tunafunga mia kama hiyo leo leo!"

Kijana akamrudishia Nyar Takawiri wa zambarau wake. Nilidhani nimeshinda.

Jumatatu kulikuwa na foleni kibandani. "Nifungie mweusi kwa kadi ya kijani." "Mimi nataka kama ile ya zambarau." Waya alifurahi wiki mbili. Halafu foleni ikaisha. Kitu unaweza kuagiza kama chai, nani atakitafuta? Kufika likizo, watoto walikuwa wamerudia kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na mkebe ulikuwa umejaa mpaka juu. Waya aliposikia ilianzia wapi, aliniangalia akatingisha kichwa. "Nyathini, wewe mtoto, mdomo yako ni kama mlango ya choo ya soko. Hata kamba haiwezi kuifunga."

Na neno lake lilikuwa neno. Nyar Takawiri akafungiwa nguo kwa leso. Kamba yake yote ya watu wa ubao aliiacha juu ya kitanda, na wa zambarau akiwemo. Nikamkimbilia nayo mpaka stendi. Alisema, "Kaa nazo," akapanda, hakugeuka hata mara moja. Nikajua amenichukia. Nimebeba hiyo mgongo yake miaka yote. Ndio maana mtu wangu akiguswa, napasuka kabla hajalalamika.

Kwa hivyo huyo wa Nairobi aliponiita muongo, nikafunga safari hadi Homa Bay. Nyar Takawiri ana saluni huko karibu na soko. Nilimkuta anasuka mteja. Nikamwambia arekodi sauti, dakika moja, aseme ni yeye alifunga.

"Yawa! Bado unapigana?" akacheka.

Nilitaka kujibu, machozi yakatangulia. "Nisamehe. Nilikufukuza na huu mdomo."

Mkono wake ukasimama kwa nywele. "Ulinifukuza wapi? Mimi nilikuwa nalilia nyumbani kila siku. Ile Ijumaa ulipiga kelele, nilisema asante Mungu. Sikugeuka pale stendi kwa sababu nilikuwa nacheka. Niliogopa Waya ataniona."

"Wueh!" mteja akasema, kichwa chini.

"Na mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Ulikuwa unaniachia nafasi ya kuongea lini?"

Akaendelea kusuka. Sauti hata hakurekodi, na mimi nilisahau kudai.

Pale kwa kibanda cha Waya siku hizi kuna mtu anabadilisha vioo vya simu. Njugu zinafungwa kwa karatasi ya daftari. Hayo sijali sana, vitu huenda. Ni kile chumba kinachonisumbua. Nimekikumbuka maisha yangu yote kama chumba cha watoto wawili wenye furaha, mlango umefungwa, mshumaa unawaka mchana. Kumbe furaha ilikuwa ya mmoja, na mwingine alikuwa ananyoosha mstari akingoja kwenda kwao.

Sasa wewe nawe, kama una mtu unayempigania hivyo, umewahi kumuuliza anataka nini?