Nilivyokaza tapeti za Landrover ya baba hadi zikanyamaza, na fundi Mrundi akabeba lawama yangu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Leo naandika kitu ambacho hata mke wangu hajawahi kukisikia. Siyo chai. Mkifika mwisho mtaona sina faida yoyote ya kudanganya, maana mjinga wa uzi huu ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, wakimbizi wamejaa Ngara. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nalima na baba.

Dada yangu Devota alikuwa anaolewa Bisibo, kule wilaya ya Biharamulo. Shida ikawa gari.

Waliokuwepo wanakumbuka. Kila gari zima la Ngara lilikuwa limekodiwa na mashirika ya misaada. Pikapu, lori, hata kile kigari cha muuza mbao. Ukienda kuulizia la harusi wanakuangalia tu.

Baba alikuwa na Landrover yake ya zamani. Ilikaa nyuma ya nyumba miaka sita, katikati ya migomba, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Baba alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, akasema binti yake wa kwanza hapelekwi kwa mume kwenye baiskeli. Landrover ifufuliwe.

Ndipo akaja Melki.

Melki alikuwa mkimbizi wa kambi ya Lukole, Mrundi, fundi wa miaka mingi huko kwao. Wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi, kwa hiyo baba alihangaika mpaka akamtafutia kibali cha siku tatu. Lugha haikuwa tatizo. Sisi Wahangaza na Warundi tunasikilizana vizuri tu.

Wakuu, ile injini ilikuwa ya kusikitisha. Kwenye chujio la hewa panya walishajenga na kuzaa. Melki alipofungua tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ndani oili ilikuwa imeganda nyeusi kama lami. Ungeweza kuikata kwa kisu.

Tulianza kwa kukwangua na vijiti. Kisha dizeli na mswaki wa zamani, kila kona. Tunafuta kwa majani makavu ya mgomba, tunatupa, tunachukua mengine. Siku nzima.

Kuna kitu kimoja sijawahi kukiona kwa fundi mwingine. Injini ile ina vyuma vyembamba virefu vinane vya kusukuma valvu, na kila kimoja lazima kirudi kwenye tundu lake. Melki alikata kipande cha mgomba mbichi, akakilaza chini, akavichomeka vyuma vyote kwa mstari. Cha kwanza mpaka cha nane. Alisema mgomba hauchanganyi.

Siku ya tatu tukafika kwenye tapeti. Kwa wasiojua, kati ya valvu na kile kinachoigonga lazima pabaki kanafasi kadogo sana, maana chuma kikipata moto hurefuka, na bila kanafasi hako valvu haifungi. Fundi hupima kanafasi hako kwa kibati maalumu. Melki hakuwa nacho, kilibaki Burundi na vingine vyote.

Akatoa kadi yake ya mgao ya zamani, ile ya kuchukulia chakula kambini, iliyokwisha kutobolewa matundu yote. Akakata ukanda mwembamba. Unene wake, alisema, ni ule ule unaotakiwa.

"Ipite kwa kukwaruza kidogo," aliniambia. "Ikipita bure umelegeza. Ikikataa umekaza."

Akaseti zote nane, akanipa ule ukanda. Mimi nikauweka ndani ya kitabu changu cha sala.

Landrover ikawaka. Sikudanganyi, mama alilia. Ila ilikuwa inalia tiki tiki tiki.

Baba akauliza ule mlio wa nini. Melki akasema, "Mzee, ndivyo inavyopaswa. Tapeti ikinyamaza, injini inakufa."

Melki akarudi kambini.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Kipindi kile barabarani kulikuwa na magari mapya meupe ya mashirika. Yanapita huyasikii, vumbi tu. Baba akawa anayaangalia, halafu anaiangalia Landrover yake. Ijumaa jioni, kesho yake ndiyo harusi, akaniita.

"Huyu fundi hakumaliza kazi. Wakwe watatusikia tunakuja kama cherehani. Wewe ulimwangalia anavyofanya. Malizia."

Ningekuwa na akili ningesema hapana. Lakini nilikuwa na siku tatu za ufundi, na baba amenisifia. Nikafungua kifuniko, nikakaza tapeti moja baada ya nyingine mpaka kanafasi kakaisha kabisa. Ule ukanda wala sikuutoa kwenye kitabu.

Nikawasha. Kimya kabisa. Baba alitabasamu, akanipiga bega. Sikumbuki mara nyingine aliyowahi kunipiga bega.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka. Mimi dereva, baba mbele, Devota na gauni lake nyuma pamoja na shangazi na pombe ya ndizi. Ndoa ilikuwa saa tano. Padri alikuwa na misa kigango kingine mchana, na alishasema hatasubiri.

Kilometa za kwanza gari lilikwenda kama la serikali. Baada ya hapo likaanza kuchoka. Nakanyaga mafuta, haliongezi. Mlima wa kwanza likafa.

Tukashuka, tukaangalia. Maji yapo, oili ipo, plagi zinatoa moto. Tukakaa karibu nusu saa. Nikawasha, likawaka vizuri kabisa, likapanda.

Mbele kidogo likafa tena.

Nilichanganyikiwa wakuu. Likipoa linakwenda, likipata moto linakufa. Baba alisema petroli imechanganywa maji. Shangazi alisema, "Hili gali limefanyiwa kitu, kuna mtu hataki ndoa hii." Devota alikuwa analia kimyakimya akiogopa kuchafua gauni. Na mimi, niamini usiamini, kichwani haikunijia hata mara moja kwamba ni mkono wangu. Niliona nimetengeneza.

Mara ya tatu likafa jirani na Lukole. Saa tatu ilishapita. Nikakimbia kambini kumtafuta Melki.

Alikuja na spana mbili na bisibisi, anatembea haraka. Akamwamkia baba, "Shikamoo mzee." Baba, mtu aliyeitikia mpaka shikamoo za walevi, hakuitikia.

Akasema, "Umeniharibia gari siku ya harusi ya mwanangu."

Melki akaniangalia. "Kuna mtu alifungua juu?"

Baba alikuwa amesimama pale pale. Alijua. Mimi nilijua. Nilisubiri aseme yeye, na nadhani yeye alisubiri niseme mimi.

Nikasema hapana, hakuna aliyefungua.

Melki alikunja uso, nikaona kabisa kwamba anatilia shaka kazi yake mwenyewe. Akaniuliza ule ukanda wa kadi uko wapi. Nikamwambia uko nyumbani. Akatoa mfukoni kadi yake ya sasa, ile anayochukulia chakula chake na cha watoto wake, akafungua kifuniko chenye moto na kuingiza ncha ya kadi kwenye tapeti ya kwanza.

Haikuingia. Kwenye ya pili haikuingia. Akazungusha injini kwa hendeli, akajaribu ya tatu.

Pale akaelewa. Niliona kwenye macho yake. Aliinua kichwa akaniangalia, akamwangalia baba, kisha akageukia gauni jeupe pale nyuma. Mimi nikaangalia chini.

Akasema, "Mzee, nisamehe. Nilikosea mimi. Nilikaza mno."

Wakuu, hiyo sentensi naisikia mpaka leo.

Alizilegeza zote nane, mikono inaungua, kadi inaloa oili. Nikawasha. Tiki tiki tiki. Safari hii baba hakuuliza mlio wa nini. Hakuaga pia.

Bisibo tulifika padri ameshabeba begi lake. Devota akafunga ndoa. Na wale wakwe walifurahi kusikia gari linalia kwa mbali, eti ndivyo walivyojua bibi harusi anakuja.

Baada ya wiki tatu nilipanda baiskeli na mkungu wa ndizi mpaka Lukole. Mke wa Melki ndiye aliyenieleza, wala hakuwa na hasira. Kadi ilikuwa imelowa oili, namba hazisomeki. Siku ya mgao walirudishwa. Wiki mbili walikula kwa majirani mpaka wakapewa nyingine.

Melki akaja. Nikamwambia yote, kwamba ni mimi niliyekaza, na kwamba nilidanganya. Nikamuuliza kwa nini alijibebesha kosa.

Akaniuliza, "Gari linalia?"

Nikasema, "Linalia."

"Ego," akasema, yaani ndiyo kwa Kirundi. "Basi."

Akapokea mkungu, akanikaribisha uji. Hilo ndilo jibu nililopata, na nimelizungusha kichwani miaka yote hii bila kulimaliza. Sijui alimhurumia Devota, au baba, au aliona mkimbizi kubishana na mwenyeji ni kujitafutia balaa. Niliporudi mara nyingine walikuwa wameshahamishwa, hakuna aliyejua wapi.

Baba ameshafariki. Hatukuwahi kulizungumza, hata siku moja.

Nilichojifunza upande wa gari: tapeti ilie kidogo, usiifuate iwe bubu. Upande mwingine sijui niuandikeje.

Maana tatizo ni hili. Kila tukikutana familia nzima, Devota husimulia habari ya yule Mrundi aliyekaribia kuivunja harusi yake kwa kukaza tapeti. Wajukuu wa baba wanaijua kwa moyo. Watu hucheka sana. Na mimi hucheka nao.

Mwezi ujao tunakutana kwake tena, na najua ataisimulia. Nikisema ukweli, namvua baba heshima kaburini mbele ya wajukuu wake. Nikinyamaza, nimemsaliti Melki mara ya pili.

Wakuu, wewe ungekuwa mimi ungefanyaje? Semeni bila kunionea aibu. Na kama kuna mtu humu baba yake alikuwa fundi Lukole, aliyewahi kurudishwa siku ya mgao kwa sababu ya kadi yenye oili, naomba amwambie kwamba hakukosea.