Kichimbakazi Kwenye Karatasi ya Mandazi

Mpaka leo nikipita soko la Mukuyuni nikiwa na njaa, navumilia hadi nyumbani, kwa sababu pale kwenye kona kuna harufu ya mandazi ya iliki ambayo ikinigonga tu puani masikio yangu yanaanza kuwaka, na nikieleza kwa nini mtanicheka, lakini wacha nieleze, maana nilishachekwa na soko zima na nyinyi hamtawazidi hao.

Nilikuwa nimemaliza riwaya. Riwaya ya mapenzi, ya kichimbakazi mwenye mabawa membamba kama ganda la kitunguu, anayeishi ndani ya mkuyu na kumpenda mtu wa chuma aliyeundwa kwa gia na springi, mtu asiye na moyo ila saa ya ukutani kifuani, ambaye kila jioni goti lake la kushoto likianza kulia kwa kutu, kichimbakazi anashuka na tone la mafuta ya mbono juu ya jani kwenda kulilainisha (hiyo sehemu niliiandika nikilia). Kwenye kikundi chetu cha waandishi, tunaokutana Jumamosi kusomeana, niliapa kwamba yote ni ubunifu mtupu. Nilidanganya. Mtu wa chuma alikuwa Kyalo.

Kyalo ni fundi wa kuchomelea vyuma, kibanda chake kiko nyuma ya soko, na ana nyusi moja. Ile ya kulia iliungua kwa cheche alipokuwa akijifunza kazi, haikuota tena. Akifikiri anapiga mluzi katikati ya meno. Nilimjua kupitia jiko la mama, lililolegea mguu nikampelekea akaukaza, halafu nikampelekea tena baada ya kuulegeza mwenyewe (msiniangalie hivyo), halafu mara ya tatu na ya nne mguu ukalegea bila mimi kuugusa, nikasema kumbe hata vyuma vinanihurumia. Mara zote nne tulizungumza habari za mvua.

Kwenye rasimu ya kwanza nilimpa mtu wangu wa chuma nyusi moja na mluzi. Kwenye ya pili nikashikwa na woga, nikamrudishia nyusi zote mbili, nikachapisha upya. Ile ya kwanza mama akasema niichome. Sikuweza, kurasa mia mbili za jasho langu, na nikakumbuka kwamba Mama Zuhura, anayekaanga mandazi pale kwenye kona, alikuwa akilalamika amekosa magazeti ya kufungia. Nikampelekea. Akanipa mandazi manne, nikaenda nikitafuna, nikijiambia kwamba watu wa huku hawasomi vitabu, sembuse karatasi yenye mafuta.

Siku ya soko iliyofuata nilifika saa nne hivi kununua nyanya, nikashangaa hakuna aliyekuwa akiziuza. Wauzaji walikuwa wameinamisha vichwa. Mwenye ukurasa wa arobaini anamtafuta mwenye arobaini na moja, akimkosa anakwenda kununua andazi lingine ajaribu bahati yake, na Mama Zuhura alikuwa kwenye sufuria ya tatu. Kule stendi ya bodaboda, Mutiso, ambaye shuleni walimu walishindwa kumsomesha hata shairi, alikuwa amesimama juu ya pikipiki yake akiwasomea wenzake kwa sauti ya mhubiri: kichimbakazi akamwinamia, akambusu pale ambapo nyusi ilipaswa kuwa.

Kisha Mutiso akakunja ukurasa taratibu.

"Sasa wazee, hapa Mukuyuni mwenye nyusi moja ni nani?"

Stendi nzima ikageuka kutazama kibanda cha Kyalo, halafu ikageuka kunitazama mimi, kwa sababu jina langu lilikuwa juu ya kila ukurasa (nililiweka kwa fahari, kwa herufi nene), na kicheko kikaenea soko zima.

Mimi kuchekwa nimezoea, mwandishi asiyezoea kuchekwa abadilishe kazi. Lakini Kyalo hakuwa ameandika chochote, na nyusi ile hakuna mtu aliyewahi kuitania mbele yake. Nikaona kwamba hatanisalimia tena maishani. Nikakimbia kwa Mama Zuhura nikamwomba aniuzie mandazi yote yaliyobaki, pamoja na karatasi.

"Yamebaki kumi na sita, na yote yana wenyewe," akasema bila kuacha kugeuza. "Halafu mwanangu, ukurasa wa mwisho nimejiwekea. Kile kiumbe kinaruka kinaenda zake bila kumwambia? Hata jini ana adabu."

Nilikuwa nikihesabu sarafu zangu nilipousikia mluzi. Kyalo alikuwa nyuma yangu na kurasa kama thelathini mkononi, zinang'aa mafuta, zimepangwa kwa namba na kutungwa kwa waya wa kuchomelea. Kidevuni alikuwa na chembe za mandazi. Mutiso na wenzake walikuwa wamemfuata, safari hii hakuna aliyecheka.

"Nimekula mpaka tumbo linauma," akasema, "na bado sijajua. Huyu wa chuma anaambiwa, ama haambiwi?"

Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba haambiwi. Akapiga mluzi kidogo.

"Basi umekosea. Ulidhani ni chuma tu, hajui kitu." Akainamia zile kurasa. "Mwende, lile jiko lenu. Mara ya pili niliona bolti imefunguliwa na mtu. Ndiyo maana mara hiyo na mara ya tatu nililirudisha nikiwa nimeilegeza mwenyewe."

Mutiso akakaa chini kwenye vumbi. Mama Zuhura akatoa ukurasa wa mwisho kutoka chini ya kopo la unga, akanikabidhi pamoja na kalamu, akasema nirekebishe sasa hivi, watu wana kazi.

Nilirekebisha hapo hapo, juu ya meza ya unga, mbele ya kila mtu, na mkono wangu haujawahi kuandika vibaya hivyo. Na nikaapa, sitasema tena kwamba watu wa huku hawasomi, na hakuna rasimu yangu itakayotoka nyumbani ikiwa na mtu wa kweli ndani yake. Siku hizi nazichoma zote, kwenye jiko lile lile la mama, ambaye bado hajaelewa kwa nini mguu wa jiko lake hulegea kila wiki.