Ndizi za Bluu

Binti yetu alifariki kwa malaria akiwa na miaka sita. Siku ya nne baada ya mazishi, mume wangu alianza kuchora.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Kirushya, na siku za mapumziko aliandika mabango ya maduka. Majirani walituletea msibani ndizi, mapapai na maparachichi. Watoto wa darasa la binti yetu walileta maua, wakayatia kwenye kopo la maziwa. Watu walipotawanyika, vitu hivyo vilibaki mezani, hakuna aliyevigusa. Ndipo mume wangu akavuta kiti, akaegemeza kipande cha plaiwudi ukutani na kufungua rangi zake za mabango.

Nilipoamka mchana nilikuta amechora ndizi za bluu iliyokoza. Papai lilikuwa jekundu, limepasuka kama kidonda. Maua yote yalilalia upande mmoja, rangi imekandikwa nene kwa vidole.

"Ndizi za bluu umeziona wapi?" nikamuuliza.

"Sijaziona."

"Sasa unachora nini?"

Akaendelea kupaka. Hasira zikanipanda. Tangu msiba uanze sikuwa nimeona chozi lake hata moja, na sasa alikuwa akichezea rangi. Niliibeba ile picha ingali mbichi, nikaitupa nyuma ya jiko. Hakunizuia. Alichukua koti lake akatoka.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Mabawe kukaa nasi, alinifuata jikoni. Aliongea nami Kihangaza, lugha ya kwetu, kama kawaida, bila kupandisha sauti.

"Mwanangu, unajua mtoto alifia wapi?"

"Hospitali."

"Alifia njiani. Kwenye bodaboda, kifuani kwa baba yake. Hakumwambia dereva mpaka walipofika."

Nilikaa chini pale pale penye majivu. Siku zote hizo nilikuwa nikiwalaumu wauguzi moyoni.

Mume wangu aliporudi alinikuta nimeiweka picha mezani, nikijaribu kutoa majani makavu yaliyoganda kwenye rangi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaniuliza kama alisema kitu."

"Alisema?"

"Aliomba maji." Akakaa. "Sikuwa na maji. Nikamwambia tunakaribia."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, kichwa chake kikiwa begani kwangu na rangi ya vidole vyake ikinishika kwenye kitenge. Mama mkwe alitusikia, ila hakuingia.

Mwaka uliofuata mume wangu alihamishiwa shule ya Biharamulo. Alitaka twende wote, na nilijua kwamba peke yake hataweza. Hata hivyo nilimwomba atangulie. Kaburi lilikuwa bado halijajengewa, na mvua za kule kwetu huushusha udongo haraka. Nilibaki Kirushya muhula mzima, nikienda kaburini kila Jumapili baada ya misa kulirudishia udongo kwa jembe.