Goti Zima Ndilo Lililofungwa

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na huandika polepole.

Jumapili timu yetu ya mpira ya mtaa wa Husby, huku ughaibuni, ilicheza na vijana wa mtaa jirani wa Kista. Goti langu la kushoto lilikuwa limeteguka, na kocha akasema hanichezeshi bila kufungwa utepe wa kunata wa kulishikilia. Anayetufunga ni mama mmoja wa Tanga, mtaalamu wa viungo. Alikuwa akisimulia harusi ya mpwa wake huku akivuta utepe wa buluu, nami nikaona anafunga goti la kulia, lililo zima. Nikaona haya kumkatiza mtu mzima.

"Unajisikiaje, mwanangu?"

"Afadhali, mama. Asante."

Uwanjani ikabidi nichechemee kwa mguu wa kulia nisimwaibishe. Kocha wetu, Mkongo, ambaye huniita "petit", yaani mdogo, akapiga kelele: "Petit, mguu wenye utepe usiutumie! Piga kwa ule mzima!"

Nikapiga kwa kushoto, nikaanguka nikilia. Mama akaja mbio na kuongeza utepe, kwenye goti lile lile la kulia.

Jumapili ijayo tunarudiana nao. Tafadhali niandikieni mapema: mtu mzima huambiwaje kwamba goti ni lile jingine?