Mlango wa Jini na Mlango wa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi kufuli, na kwenye kibanda chao cha kazi bado yuko meza moja na mume aliyeachana naye. Juzi alimaliza riwaya ya wezi wawili, wapenzi wa zamani, wanaoiba hazina ya jini. Akaibwaga mezani.

"Upuuzi mtupu! Jamaa ananong'ona tu, mlango wa jini unafunguka, na mwanamke huyo anamrukia shingoni! Kufuli halinong'onezwi, linatiwa mafuta!"

Mtalaka wake hakuacha kupiga tupa ufunguo aliokuwa akichonga.

"Mimi ufunguo wa akiba wa nyumba yako uliniachia mwenyewe," alisema taratibu, "na bado kila nikija nabisha hodi."

Shangazi akamgeukia, amefura.

"Kwani nani alikwambia ubishe?"