Jina la Mjusi wa Rwamgasa

Tulimkuta kwenye majabali ya kilima kimoja nje ya Rwamgasa: mjusi mdogo, mkia wa rangi ya kutu, ambaye hakuna mtaalamu aliyewahi kumwandika. Watafiti wenzangu wa chuoni walishangilia. Mimi usingizi ulinipaa, maana chini ya kilima mashine za karasha zilisaga mawe kutwa, na maduara, yale mashimo ya wachimbaji dhahabu, yalizidi kupanda. Bila walinzi, mjusi angepata jina na kuisha kwa pamoja.

Ndipo likaja wazo la kuuza jina. Anayelipa anachagua mjusi aitweje kwenye vitabu vya sayansi, milele, na hela inaajiri walinzi. Nilijiambia si dhambi. Kisha nikajiuliza, mbona najiambia mara nyingi hivyo?

Mnunuzi alijitokeza upesi. Alikuwa mwenye maduara yale yale, na alitaka jina la marehemu baba yake. Nilicheka kwa hasira, nikakubali. Mchagua jembe si mkulima.

Kabla ya kusaini alinipeleka Segese kwa mama yake, atupe baraka. Nilipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwanawe. "Kwa hiyo huyo mjusi ndiye guku."

Nilimwelewa papo hapo. Kwetu Usukumani, mtoto akirithi jina la babu, ndiye babu. Tunamwita guku, na hapigwi ovyo.

"Ni jina tu, mama," mwanawe alisema.

"Jina tu? Mwanao wa kwanza analo. Umewahi kumchapa?" Mwanawe alitikisa kichwa. "Basi toa mashine zako pale. Huwezi kumpa jina la baba yako halafu ukambomolea nyumba."

Nilitamani kumkumbatia yule mama. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na furaha ya kijinga, nikiona kilima kimeshapona.

Kesho yake mwanawe alinipigia simu. "Mwalimu, jina la baba tuliache."

"Na maduara?"

"Maduara yanalisha watu. Tafuta jina jingine, hela nitatoa ile ile." Aliongea kwa upole, kama mtu anayebadilisha kitenge dukani.

"Jina la nani?"

"Lolote, mradi si la ukoo wetu. Weka hata la baba yako."

Baba yangu amezikwa Kagongwa, na binti yangu amenizalia mjukuu aliyerithi jina la baba. Nilimwona mzee wangu amejibanza kwenye yale majabali, karasha zinamkaribia. Mishahara ya walinzi ilikuwa inangoja neno moja kutoka kwangu.

"Hapana," nilisema, nikakata simu. Aibu ikanishika. Kilima kilibaki bila mlinzi kwa sababu ya baba yangu. Jina la baba wa mnunuzi nilikuwa nimeshakubali kuliuza.