Mbuzi wa Rollie Stachura

Rollie Stachura alikuwa na dharau ya kuutosha mji mzima wa Pontiac, na ingebaki ya kuwagawia majirani. Alidharau vijana, alidharau kahawa yenye povu, alidharau mtu anayepeleka gari lake kuoshwa na mashine. Lakini dharau yake nono kuliko zote aliyawekea magari ya kisasa, aliyoyaita mafriji yenye magurudumu.

"Gari gani hilo linalokupigia kelele ukikanyaga mstari wa barabara?" alikuwa akisema. "Kelele nimeoa, zinanitosha."

Huyo aliyemuoa, Maureen, ndiye aliyekuwa na friji. Lilikuwa la kijivu, halina klachi, linawaka kwa kubonyeza kitufe, na kila asubuhi lilimfikisha kazini kwenye jiko la shule bila hadithi yoyote. Kwa wema wake wote huo, lililala nje. Gereji ya nyumba ilitosha gari moja tu, na humo alilala Mbuzi.

Mbuzi alikuwa Pontiac GTO jekundu la mwaka sitini na saba. Pale mjini kila GTO ni Mbuzi, tangu enzi za baba zao walioyaunda magari hayo kiwandani, kabla kiwanda chenyewe hakijabomolewa. Barabara zikishamwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, Mbuzi hatoki, maana chumvi hula chuma. Hulala gereji hadi theluji iishe, kafunikwa blanketi la sufu ambalo mama yake Maureen alimpa binti yake siku ya harusi. Nje, Maureen anakwangua barafu kwenye kioo cha friji, mikono imekufa ganzi, na bwana anamtazama kupitia dirishani akiwa na kikombe cha kahawa. Mara nyingine alimwonyesha kwa kidole mahali alipopasahau.

Kila Jumamosi ya kiangazi wazee wenye magari ya zamani walikutana kwenye uwanja wa kibanda kimoja cha soseji kando ya barabara ya Woodward. Waliyapanga magari kwa kurudi nyuma, wakafungua maboneti, wakakaa kwenye viti vya kukunja wakisimuliana yale yale waliyosimuliana Jumamosi iliyopita. Rollie alikuwa amejifanya mkuu wao. Hakuna aliyemchagua, ila hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana naye. Ni yeye aliyepaka rangi kibao cha langoni mwa uwanja: MAGARI YA KISASA NYUMA. Nyuma maana yake ni kwenye mapipa ya taka. Ni yeye pia aliyewakemea wageni wasiegemee gari la mtu, kwa sababu chuma cha mkanda wa suruali hukwaruza rangi. "Mkanda!" alikuwa akifoka, na mgeni anaruka kama kaungua.

Aliyemdharau zaidi ni Dwight Haskell, daktari wa meno mstaafu. Dwight naye alikuwa na Mbuzi, wa bluu, ila alimleta juu ya trela ili matairi yasichafuke. Rollie alikuwa akiiona trela tu, anasimama juu ya kiti.

"Jamani! Mbuzi akibebwa juu ya gari, anapelekwa wapi?"

"Machinjioni!" wazee wanaitikia.

Walicheka kila mara kana kwamba ni mpya. Dwight naye alicheka, akashusha Mbuzi wake taratibu, akampangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Basi goti la kushoto la Rollie likaanza kumsaliti. Klachi ya Mbuzi ni nzito, inataka mguu wa mtu aliyekula akashiba, na goti lenyewe lilikuwa limeliwa na miaka mingi ya kusimama kiwandani. Daktari wa mifupa akamwambia klachi basi. Maureen akamsubiri amalize supu.

"Chagua, Rollie. Uendeshe gari langu, Mbuzi akae, au uendelee naye mpaka goti likufie barabarani."

"Mimi? Niendeshe friji? Watu wanione?"

"Watu gani? Wale wazee sita wenye vitambi?"

"Afadhali nitembee kwa miguu."

"Miguu ipi?"

Kesho yake alimwasha Mbuzi akazunguka mtaa mzima, na huko ndiko kuchagua kwake. Alimeza vidonge vya maumivu, akajifunza kuinuka kitini polepole kama mtu anayetafakari jambo zito. Wazee wakasema Rollie siku hizi amekuwa na busara. Kumbe hakuwa na busara yoyote, alikuwa na goti. Usiku alilala macho akijiuliza ni Jumamosi ngapi zimebaki, maana bila Mbuzi alijua fika yeye ni nani pale uwanjani: mzee mmoja mwenye mdomo.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, Maureen akasema atamfuata na gari lake. Hakuwa na imani na lile goti. Rollie akamruhusu, kwa sharti kwamba akaegeshe nyuma kama kibao kinavyosema.

Walifika pamoja. Wazee wote walikuwa wameshakaa, Dwight ameshamshusha Mbuzi wake. Rollie alipokata kona kuingia uwanjani, goti likagoma. Mguu ukateleza kwenye klachi, Mbuzi akaruka mbele, akazima katikati ya lango, makalio yake yakiwa bado barabarani. Akawasha tena. Mbuzi akaruka tena, akazima tena. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

Dwight akaja, akainama dirishani. Hakuwa anacheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Rollie, trela yangu iko tupu. Tumpakie, nikufikishe nyumbani."

Mzee mmoja alitazama viatu vyake, mwingine akajifanya anatafuta kitu ndani ya boneti. Rollie alikuwa na hakika kwamba neno limewafika wote kwenye ncha ya ulimi, kwa sababu ni yeye aliyeliweka pale.

Maureen akatokea na viatu vyake vya jikoni.

"Toka hapo. Niachie funguo."

"Maureen, hili si friji. Hili lina klachi."

"Ndiyo maana nakwambia toka."

"Utamvunja gia!"

"Baba yangu alinipandisha kwenye lori la viazi sukari kabla sijafikia kuona juu ya usukani. Mavuno yote nilikuwa dereva mimi. Wewe hukuwahi kuniuliza, bwana."

Ni kweli hakuwahi. Alitazama trela, akatazama mke wake. Aibu zilikuwa mbili, akachagua ile inayompikia.

Maureen aliketi, akasogeza kiti mbele, akakanyaga klachi. Mbuzi akanguruma, akaingia uwanjani bila kuruka. Akamrudisha nyuma kwenye nafasi ya Rollie mara moja, bila kurekebisha, akashuka, akafungua boneti. Kuna mtu alipiga makofi. Alikuwa Dwight.

Huku barabarani honi zilikuwa bado zinalia, na friji limebaki bila dereva. Rollie akalipanda. Akabonyeza kitufe, nalo likalia likimdai afunge mkanda. Akakanyaga mstari, likampigia kelele. Akaliingiza uwanjani akiwa amejikunyata, akalielekeza kwenye nafasi iliyokuwa wazi kando ya Mbuzi. Mzee Gus, ambaye kwa miaka yote aliitikia "machinjioni" kwa sauti kubwa kuliko wenzake, akainuka na kumzuia kwa kiganja.

"Samahani, mkuu. Ya kisasa ni nyuma."

"Gus, ni mimi."

"Nakuona. Na kibao nakiona."

Akaenda kuegesha kwenye mapipa ya taka, nzi wakamkaribisha. Alirudi akichechemea, uwanja mzima. Wazee walikuwa wamemzunguka Maureen, wanamuuliza habari za lile lori, naye anawajibu huku akila mkate wa soseji, ameketi kwenye kiti cha kukunja cha Rollie.

Goti lilikuwa linawaka moto. Rollie akaegemea ubavu wa Mbuzi apumue.

"Mkanda, Rollie," Maureen alisema, bila hata kugeuka.

Rollie akaruka, akasimama wima. Akatafuta pa kukaa. Miaka yote aliyokuja pale, alikuwa akija na kiti kimoja tu.